Je, umri wa miaka 16 utawalinda watoto wetu mitandaoni?

Swali limeletwa na mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Tanga, ambaye pia ni mama wa watoto watatu. Anaandika kwamba katika muhula mmoja wanafunzi wake wawili wa kike wameacha kula vizuri na wanakosa usingizi kwa sababu ya mambo yanayoendelea kwenye simu. Wazazi waliposikia kuwa Australia imewakataza watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, walisimama kikaoni wakataka Serikali yetu itunge sheria kama hiyo. Anauliza: "Wewe kama mtaalamu wa afya ya akili ya watoto ungeunga mkono sheria ya namna hiyo hapa Tanzania? Na sisi tufanye nini wakati tunasubiri?"

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na ninawaombea nafuu wasichana hao wawili, ambao nitarudi kwao mwishoni. Kwa ufupi, singeishauri Serikali ianze na umri. Ningeishauri ianze na kampuni za mitandao zenyewe, iziwekee masharti ya namna zinavyotengeneza na kuendesha kile wanachokishika watoto kila siku, kisha iweke watu na huduma pale mtoto anapoangukia akishaumia. Suala la umri linaweza kufuata baadaye, na huenda likawa na faida yake, lakini tukilitanguliza tutapata sheria inayosomeka vizuri magazetini na isiyomfikia mtoto wa Tanga wala wa Kigoma.

Habari za Australia zilitufikia huku zikiwa zimepungukiwa jambo muhimu. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria yake mwishoni mwa Novemba 2024, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Sheria hiyo haimwadhibu mtoto aliyefungua akaunti wala mzazi aliyemruhusu. Wajibu umewekwa juu ya kampuni, ambazo zinatakiwa kuchukua hatua za kuridhisha kuhakikisha kwamba walio chini ya miaka 16 hawana akaunti, na zikishindwa mahakama inaweza kuzitoza faini inayofikia dola za Australia milioni 49.5. Isitoshe, nchi hiyo ilikuwa na Kamishna wa Usalama Mtandaoni tangu mwaka 2015, yaani karibu miaka kumi kabla ya marufuku, akiwa na ofisi, wataalamu na mamlaka ya kuamuru maudhui mabaya yaondolewe. Sheria ya umri iliwekwa juu ya msingi uliokwisha kujengwa, ilhali wazazi wetu wanapoiomba wanaomba paa kabla ya kuta.

Sasa tuangalie hali ya kwetu. Mtoto mwingi wa Kitanzania haingii mtandaoni kwa simu yake wala kwa jina lake. Anatumia simu ya mama ikiwa imebaki na bando, au ya kaka, au ya mpangaji wa chumba cha pili. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mzima, kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18, na akaunti ya mtandao ni ya mwanamke wa miaka 38 anayependa mapishi na mahubiri. Kampuni ikiambiwa ipime umri, itampima mama, na mama atafaulu. Korea Kusini ilijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 2011 ilipitisha sheria ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na watoto wakaanza kutumia namba za utambulisho za wazazi wao, huku michezo yenyewe ikihamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa. Usingizi uliokusudiwa kuokolewa haukuongezeka kwa kiasi cha kujivunia, na kuanzia Januari 2022 sheria hiyo ikafutwa. Hii ni nchi yenye mifumo ya utambulisho iliyotuzidi kwa mbali, Mwalimu, na ninaitaja ili tusijipe tumaini la bure.

Kuna pia suala la sayansi, ambalo nataka nilieleze kwa uangalifu kwa sababu pande zote mbili hulitumia vibaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wengi wao hawapati huduma. Ni kiasi gani cha tatizo hilo kinatokana na mitandao? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua taarifa za vijana zaidi ya 350,000 wakaona kwamba matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wenye kampuni hupenda sana takwimu hiyo. Lakini wastani huo unamweka kapu moja mtoto anayemtumia bibi yake salamu za sauti na mtoto anayetazama mpaka saa nane usiku video moja baada ya nyingine za wasichana wanaojinyima chakula. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo, na mojawapo ilieleza kwamba asilimia 32 ya wasichana waliohojiwa walisema kuwa walipokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia hali hiyo. Ninavyosoma matokeo haya mawili kwa pamoja, mtandao hauwaumizi watoto wote kwa usawa. Unamwongezea uzito yule aliyekwisha kulemewa, na unafanya hivyo kwa sababu umetengenezwa kumpa mtu zaidi ya kile alichosimama kukitazama.

Neno "umetengenezwa" ndilo ninalotaka lishike kiti cha mbele katika mjadala wetu. Video inayofuata huanza yenyewe bila mtoto kuigusa. Ukurasa hauna mwisho, kwa hiyo hakuna mahali pa kusema basi. Arifa zinaingia usiku wa manane. Idadi ya waliopenda picha inaonekana na kila mtu darasani, na mtu mzima asiyejulikana anaweza kumwandikia binti wa miaka 13 bila kubisha hodi. Kila kimojawapo ni uamuzi uliofanywa na wahandisi ofisini, kwa hiyo kila kimojawapo kinaweza kubadilishwa na wahandisi haohao wakiamriwa.

Wameshaamriwa mahali pengine, wakabadilisha. Uingereza ilitunga kanuni ya huduma za mtandaoni zinazotumiwa na watoto, chini ya sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2018. Kanuni hiyo ina viwango 15, inamhusu kila aliye chini ya miaka 18, na kampuni zilipewa muda hadi tarehe 2 Septemba 2021 kuitekeleza. Inasema, miongoni mwa mambo mengine, kwamba maslahi ya mtoto yatangulie, kwamba programu ianze ikiwa kwenye mipangilio yenye faragha kubwa mpaka mtumiaji aibadilishe mwenyewe, kwamba mahali alipo mtoto pasionyeshwe, na kwamba mtoto asivutwe kwa hila atoe taarifa zake au apunguze ulinzi wake. Katika mwaka uleule TikTok ilitangaza kuacha kuwatumia arifa watoto wa miaka 13 hadi 15 kuanzia saa tatu usiku na wa miaka 16 na 17 kuanzia saa nne, YouTube ikazima video zinazojianzisha zenyewe kwa walio chini ya miaka 18, na Instagram ikawazuia watu wazima kuwaandikia vijana wasiowafuata. Kampuni hizo hazikusema zimefanya hivyo kwa kuogopa sheria, lakini mimi sioni sababu ya kuamini kwamba huruma iliziingia zote kwa pamoja mwaka mmoja. Waliobaki nyuma walitozwa. Aprili 2023 mamlaka ya Uingereza iliitoza TikTok pauni milioni 12.7 kwa kutumia taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi, na Septemba mwaka huohuo mamlaka ya Ireland ikaitoza kampuni hiyohiyo euro milioni 345 kwa namna ilivyoshughulikia taarifa za watoto.

Ninapenda njia hii kwa sababu inafaa mazingira ya simu inayoshirikiwa. Video ikiacha kujianzisha yenyewe na arifa zikinyamaza usiku kwa watumiaji wote mpaka mtu achague vinginevyo, mtoto anayetumia akaunti ya mama yake anafunikwa na ulinzi uleule bila ya mtu kuulizwa umri. Mtu mzima atagusa kitufe kimoja na kurudishiwa alichokuwa nacho, nayo ni gharama ndogo mno.

Tena mlango wa kisheria tunao tayari, ingawa bado hatujaufungua wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa binafsi nyeti, daraja moja na taarifa za vinasaba na za alama za mwili, na imeunda Tume ya kuisimamia. Kenya nayo, katika kifungu cha 33 cha sheria yake ya mwaka 2019, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa, na inataka kila uchakataji uendeleze haki na maslahi bora ya mtoto. Kilichobaki ni kanuni mahususi inayosema kwa lugha ya kawaida nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi katika programu inayotumiwa na watoto wetu. Ningependa kanuni hiyo ianze na usingizi, yaani arifa na video za usiku, kwa kuwa katika kazi yangu sijaona jambo jepesi kurekebisha lenye faida kubwa kama kumrudishia mtoto usiku wake. Iendelee na mawasiliano ya watu wasiojulikana, kisha na matangazo yanayomlenga mtoto kwa kutumia tabia zake, ambayo Umoja wa Ulaya umekwisha kuyakataza katika sheria yake ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022. Matangazo ya kubeti, ambayo siku hizi yanaingia hadi kati ya video za katuni, yawe na kifungu chake pekee.

Kifungu kingine kihusu lugha, na hapa naomba unielewe kwamba nasema jambo la afya, wala si la fahari ya utamaduni. Nyaraka zilezile za Facebook za mwaka 2021 zilionyesha kwamba nguvu ya kuchuja maudhui hatari ilielekezwa zaidi Marekani na kwa Kiingereza kuliko kwa nchi na lugha nyingine. Maana yake kwa darasa lako ni hii: mwanafunzi anayechambwa kwa Kiswahili cha mtaani, chenye mafumbo na majina ya utani, anachambwa mahali ambapo mlinzi haelewi kinachosemwa. Kampuni inayopata faida kwa wasemaji wa Kiswahili iwe na wachujaji wa kutosha wanaokielewa, pamoja na njia ya kulalamika iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kukifuata, na itangaze kila mwaka ilipokea malalamiko mangapi na iliyajibu baada ya muda gani.

Utaniuliza kama kampuni kubwa kiasi hicho itaisikiliza nchi moja. Peke yetu, huenda isitusikilize haraka. Lakini Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, uliopitishwa mwaka 2014, ulianza kutumika rasmi Juni 2023, na mwaka 2024 Umoja huo ulipitisha sera ya usalama wa watoto mtandaoni. Nchi za Afrika Mashariki zikiandika kanuni inayofanana, kampuni itakuwa inajibu soko la mamia ya mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa vijana wadogo.

Hata hivyo kanuni za kampuni ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Miaka kadhaa iliyopita niliketi na binti wa kidato cha pili ambaye picha yake ya faragha ilizungushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Aliponisimulia, hakukaa sana kwenye picha. Alikaa kwenye asubuhi iliyofuata, alipoitwa mbele ya walimu, akaulizwa kwa nini alijipiga picha hiyo, kisha akasimamishwa masomo pamoja na kijana aliyeisambaza, kama vile makosa yao yalikuwa sawa. Shule ilifuata kanuni yake ya nidhamu, ambayo ilijua simu ni kosa na haikujua aliyeumizwa ni nani. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba hakuna sheria ya mtandao itakayomsaidia mtoto ikiwa kusema kunamletea adhabu. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, INTERPOL na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na ambao ripoti yake kuhusu Tanzania ilitoka mwaka 2022, uliona jambo hilohilo kwa upana: watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao mara nyingi hawakumwambia mtu, au walimwambia rafiki tu, na waliofika polisi au kupiga simu ya msaada walikuwa wachache mno.

Kwa hiyo wizara inayosimamia elimu itoe waraka, kama ilivyotoa Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 uliowafungulia mlango wa kurudi shule waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Waraka huo mpya useme kwamba mwanafunzi ambaye picha au siri yake imesambazwa haadhibiwi kwa kuripoti, na kwamba shule inamfikisha kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kumfikisha kwenye kamati ya nidhamu. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi ili awe na saa za kusikiliza. Najua unafahamu kuliko mimi jinsi kazi hiyo inavyotwikwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake vyote na marundo ya madaftari.

Lipo pia jambo ambalo wanasiasa hawapendi kuligusa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtoto aliyefikia hatua hiyo, na familia yake, wanaanza kumwogopa polisi wakati wanapomhitaji daktari, na wauguzi wanajikuta wakiandika "kanywa dawa kwa bahati mbaya" ili kumstiri. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria za nchi hiyo kinakinzana na Katiba. Nasi tukifute. Ukiniambia nichague hatua moja tu kati ya marufuku ya miaka 16 na kufutwa kwa kifungu hiki, nitachagua kukifuta bila kusita.

Kabla sijafika kwa wanafunzi wako, nitoe tahadhari moja. Neno "watoto" lina nguvu ya kupitisha sheria yoyote, na kwa sababu hiyo ni lazima tuisome kila sheria inayolitumia. Kufunga mtandao mzima, au kutunga kosa pana la "maudhui yasiyofaa" ambalo kesho linamkamata mwandishi wa habari, si ulinzi wa mtoto. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla Na. 25 ya mwaka 2021, ilisisitiza kwamba mtoto ana haki ya kulindwa mtandaoni na vilevile haki ya kupata habari, kusema na kuwa na faragha. Binti anayetafuta usiku maana ya dalili anazozisikia, kwa kuwa hana wa kumuuliza nyumbani, anautumia mtandao kwa namna ambayo sisi watu wazima tunapaswa kuilinda.

Sasa, wakati mnasubiri. Kikao cha wazazi kinaweza kukubaliana muhula huu kwamba simu zote za nyumba, za wazazi zikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Makubaliano ya wazazi wengi yana nguvu kuliko amri ya mzazi mmoja, kwa sababu mtoto hawezi tena kusema kwamba wenzake wote wako mtandaoni. Bodi ya shule nayo iandike ukurasa mmoja unaoeleza saa 24 za kwanza picha inaposambaa: nani anaarifiwa, nani anazungumza na mtoto na faraghani wapi, kwamba hakuna mwalimu anayeinakili picha hiyo kwenye simu yake, kwamba namba zilizoisambaza na muda wake zinaandikwa kwa ajili ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia maumivu ya kihisia, lakini pale ambapo aliyetuma ni mtoto mwenzake, muiteni kwanza mzazi na afisa ustawi.

Kuhusu wasichana wako wawili, usingoje chochote. Kutokula na kutolala kukizidi wiki mbili, au kukianza kumvuruga mtoto katika masomo na katika kuwa na wenzake, hiyo ni sababu ya kumpeleka hospitali ya wilaya na kuomba aonwe na mtoa huduma wa afya ya akili. Keti na kila mmoja peke yake, mahali ambapo hakuna anayepita, na umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Watu wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtoto wazo. Halipandikizi, na aliyekuwa nalo mara nyingi hushusha pumzi kwa kuulizwa. Akikubali, usimwache peke yake siku hiyo, hakikisha dawa na sumu za nyumbani zimeondolewa, mjulishe mzazi uso kwa uso, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Mpe pia namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo haitozi malipo. Mwandikie kwenye karatasi, kwa sababu anaweza kuihitaji siku ambayo simu yenye namba zake haiko mikononi mwake.